Picha Iliyoharibiwa na Mng'ao

Kwenye korido ya ofisi za kiwanda cha nyuzi zilitundikwa picha kumi na mbili za mashine, nyeusi na nyeupe, na kwa miaka thelathini aliyezitazama alikuwa mtu mmoja tu. Wengine walizipita. Meneja alizipita akienda mkutanoni, wahasibu walizipita wakienda kunywa chai, wageni walizipita wakitafuta choo. Lakini karani wa masjala, mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alisimama mbele ya picha hizo kila asubuhi na faili kwapani kama mtu aliyepita kusalimia jamaa zake. Kiwandani walimwita Bi Masjala, na jina likamganda hata nyumbani.

Hakuanzia masjala. Alianzia kwenye ufagio. Siku yake ya kwanza kazini, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, aliambiwa afute vumbi kwenye vioo vya fremu, na alipofika kwenye ya tatu akaliona gurudumu. Lilikuwa gurudumu kubwa la injini ya mvuke, refu kuliko watu wawili mmoja akisimama mabegani mwa mwenzake, limepigwa picha kwa ubavu. Mwanga wa dirishani ulilishukia polepole: juu weupe, katikati kijivu cha namna saba au nane, chini weusi laini kabisa. Hakuwa amejua kwamba chuma kinaweza kuwa na rangi nyingi kiasi kile bila kuwa na rangi hata moja. Alisimama pale na kitambaa mkononi mpaka msimamizi akamuuliza kama ameajiriwa kufagia au kuolewa na picha.

Basi ikawa ndiyo nitolee. Alizijua zote kumi na mbili. Ya pili ilikuwa ya vikombe vidogo vya mafuta, safu nzima, kila kimoja na kifuniko chake. Ya saba ilikuwa ya mikanda ya ngozi inayopanda darini, ishirini na miwili, yote imelegea kiasi kilekile. Ya tisa ilionyesha meno ya magurudumu mawili mahali yanapoumana, karibu sana, hata mikwaruzo ya tupa ya fundi aliyeyanyoosha ilionekana. Wenzake walimcheka wakavunjika mbavu. "Wenzako wanapenda maua, wewe unapenda bolti!" Naye aliwajibu, "Bolti hainyauki." Mumewe, mtu wa mizaha, aliwaeleza wageni kwamba picha ya harusi yao iko chumbani kwa sababu sebule amepewa mke mwenza. Mke mwenza mwenyewe alikuwa picha ya pampu ya maji.

Mashine zenyewe hazikuwapo tena. Umeme ulipoingia, injini ya mvuke ilikatwakatwa ikaondoka kwa malori kama chuma chakavu, na gurudumu lile likatoka vipande sita. Zilizobaki ni picha.

Sasa, kuna mtu atasema Bi Masjala alizipenda picha hizo kwa sababu ya baba yake. Hapana, na hili nataka lieleweke mapema. Ni kweli baba yake alifanya kazi kiwandani hapo tangu kilipofunguliwa, tena kwenye injini hiyohiyo, lakini alikufa kwa homa binti akiwa na miezi tisa. Hakumjua. Alizipenda picha kwa sababu zilikuwa nzuri, basi. Watu wana tabia mbaya ya kudhani kwamba mtu wa kawaida hawezi kupenda kitu kizuri hivihivi mpaka kwanza kimhusu kwa ukoo.

Baba huyo kazi yake ilikuwa kupangusa. Alizunguka injini kutwa nzima na tambara begani, akifuta mafuta, masizi na mvuke ulioganda, na alikuwa na wazimu wa kung'arisha kiasi kwamba walimwita Bwana Kitambaa. Akirudi nyumbani hakupumzika. Alilichukua birika la mkewe, akalisugua kwa majivu na ndimu mpaka likametameta, kisha akasimama pembeni kama mtu anayesubiri kitu. Mkewe hakumsifu hata siku moja. Alimwambia, "Umemaliza ndimu zangu, bwana," na bwana akacheka, na kesho yake akarudia.

Mama huyo sasa alikuwa na miaka sabini na mitatu na aliishi na binti yake. Birika alikuwa nalo bado, na alilisugua mwenyewe kila asubuhi. Picha ya mumewe hakuwa nayo. Iliwahi kuwapo moja, ya siku ya ndoa, lakini paa lilivuja msimu fulani wa mvua, karatasi ikagandana na kioo, na walipoibandua kilichosalia ni miguu. Mama aliihifadhi hivyohivyo. Kwa hiyo Bi Masjala alivijua viatu vya baba yake, vyeusi, vya kamba, kimoja kimefungwa vibaya. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Mwaka ule mama alianza kusahau. Majina ya majirani yalitangulia, kisha siku za wiki, na hayo hayakumsumbua sana. Lakini alasiri moja, akichambua mchele mlangoni, aliweka ungo chini ghafla.

"Sura ya baba yako imenitoka," alisema.

"Itarudi, mama."

"Juzi nilikuwa nayo. Leo namwona mgongo. Namwita ageuke, hageuki."

Angempa nini? Yeye mwenyewe sura hiyo hakuwahi kuiona, na hapakuwa na ndugu wa kuuliza, wote walikwishakwenda. Toka siku hiyo mama akawa anaacha kazi mkononi mara kwa mara, amekodoa macho kuelekea ukutani, na binti yake akimwona alijua anaita mtu ageuke. Ilimuuma sana. Aliona kama baba yake anakufa mara ya pili, polepole, na safari hii mbele ya macho yake.

Kiwanda nacho kilikuwa kinakaribia kutimiza miaka hamsini. Meneja aliagiza korido ipakwe rangi na picha zitiwe fremu mpya, na kwa mara ya kwanza akaonekana kumkumbuka Bi Masjala. "Wewe ndiye mwenyewe wa hayo mavyuma," alimwambia. "Panga unavyoona." Bi Masjala alifurahi kupita kiasi. Alifungua stoo ya nyuma, akatoa masanduku mawili ya mbao ambayo hakuna aliyeyagusa tangu zamani. Ndani mlikuwa na vioo. Enzi hizo picha haikukaa kwenye filamu, ilikaa kwenye kipande cha kioo kilichopakwa dawa, na humo kila kitu kiko kinyume, cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe.

Sanduku la kwanza liliandikwa NZURI, la pili MBOVU. La kwanza alilikumbatia. La pili alilipitia harakaharaka, kioo baada ya kioo, kwa dirisha la stoo. Vingine vilitikisika wakati wa kupiga, vingine viliingia mwanga, na vingi vilikuwa na mng'ao. Bi Masjala aliuchukia mng'ao. Uzuri wote wa picha zake ulitokana na kukosekana kwake: kabla ya kupiga picha mashine, walikuwa wakiipaka chaki iliyokorogwa kwa maji, ili chuma kisirudishe mwanga na kuchoma doa katikati ya picha. Kile kijivu chororo alichokipenda tangu usichana wake kilikuwa chaki. Kioo kimoja cha injini kilikuwa na gurudumu zuri ajabu, tena lote zima, lakini kando yake kuna doa baya jeusi kama wino umemwagika. Alisonya, akakirudisha sandukuni.

Fremu kumi na mbili zilihitaji vioo vya mbele, na vioo vizuri vilikuwa adimu. Fundi fremu wa barabara ya pili alikuwa na ufumbuzi: vioo vya picha mbovu huloweshwa kwenye maji ya moto na magadi, picha ikabanduka, kikabaki kioo safi cha kukata. Bi Masjala aliandika barua, akapiga muhuri, akatia sahihi. Vioo arobaini vya MBOVU vikaondoka Ijumaa mchana kwa mkokoteni.

Jioni hiyo alirudi nyumbani na furaha yake, akamkuta mama jikoni, birika liko mezani limetoka kusuguliwa.

"Shikamoo, mama. Picha zinatiwa fremu mpya!"

"Marahaba. Na ile ya baba yako, mmeitia?"

"Ipi ya baba, mama? Ni za mashine."

"Aliyoiharibu."

Hadithi hiyo Bi Masjala aliijua kama anavyojua njia ya kwenda kazini. Mpiga picha alikuja kiwandani na kamera ya miguu mitatu. Akaipaka injini chaki, kisha akatoka kusubiri jua lifike dirishani. Bwana Kitambaa, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akarudi na kopo lake la mafuta, akaikuta mashine yake imechafuliwa, imekuwa nyeupe kama imemwagiwa unga. Alidhani ni wahuni. Akaanza kufuta kwa uchungu, na alipokuwa amemaliza kifuniko cha silinda, kile kikubwa cha mviringo kilichobinuka kwa mbele, mpiga picha akaingia mbio, kwa maana jua lilikuwa limekwishafika na halingesubiri chaki ikauke upya. Akapiga hivyohivyo. Kesho yake picha iliposafishwa yalizuka maneno makubwa, unga wa Bwana Kitambaa nusura umwagike, na mwezi mzima alihamishiwa kwenye banda la makaa ya mawe.

"Na mpiga picha alimtukana baba," alimalizia Bi Masjala, kwa sababu hadithi huishia hapo.

"Hakumtukana," mama alisema. Mambo ya juzi yalimponyoka, lakini ya zamani mengine yalikuwa yakirudi yakiwa mazima. "Alimwambia, nani kakuambia ujitie kwenye picha yangu?"

"Ajitie? Si alikuwa anafuta tu?"

"Hilo ndilo lililomkera baba yako mpaka anakufa. Wakati wa kupiga aliamriwa asimame nyuma ya kamera, asitingishike, sakafu ilikuwa ya mbao. Akasimama. Usiku alikuwa akiniamsha: nilikuwa nyuma! Mtu aliye nyuma anaingiaje kwenye picha?"

Bi Masjala alinyoosha mkono amimine chai, akakoma. Kwenye tumbo la birika alimwona mama, mwembamba, amepinda, ameketi kwenye kiti. Nyuma ya mama alijiona yeye mwenyewe, na mlango, na ua.

Alikaa chini. Alikuwa anaona doa jeusi, kando ya gurudumu zuri, na mkono wake mwenyewe ukilirudisha sandukuni.

Karakana ya fundi fremu ilikuwa imefungwa jioni hiyo, na nyumba yake hakuna aliyeijua. Sikuambii alilala vipi. Kulipopambazuka alikuwa tayari amesimama mbele ya mlango wa mabati, na fundi alipofika na funguo alimkuta hapohapo.

"Dada, kulikoni? Fremu si mpaka wiki ijayo?"

"Vile vioo, fundi. Umeviosha?"

"Vingi tu. Nilianza jana ileile, si umesema haraka?" Alifungua mlango, akaonyesha kwa kidevu. Ukutani vioo vilikuwa vimeegemezwa kwa safu, safi, vimekauka, na kupitia kila kimoja ulionekana ukuta. Fundi alikuwa mtu wa kupenda kazi yake. "Thelathini na kimoja. Angalia, havina hata alama moja."

Bi Masjala aliangalia. Katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kitupu kiasi kile. Aliviendea vilivyobaki sandukuni, saba, akavipitia kimoja kimoja mlangoni penye mwanga. Mikanda. Boila. Mikanda tena. Paa. Hakikuwamo.

"Thelathini na kimoja na saba ni thelathini na nane," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. "Nilileta arobaini."

"Viwili vimo kwenye ndoo. Niliviacha vilale kwenye magadi baridi, nivimalizie leo kwa ya moto."

Alipiga magoti kwenye vumbi la mbao. Kioo cha juu kilikuwa cha boila. Cha chini alikitoa kwa mikono miwili, kwa utaratibu, maji ya magadi yakimchoma kwenye michubuko ya vidole, na alipokielekeza kwenye mwanga aliliona gurudumu. Picha ilikuwa imeanza kubanduka kuanzia upande wa kulia. Ngozi nyembamba ilijiinua juu ya kioo, kama utando wa maziwa yaliyochemka, na kabla hajajua la kufanya ikateleza: gurudumu zima, na mikono yake minane na vijivu vyake vyote, likaingia kwenye ndoo na kuyeyukia humo. Siku nyingine angelia. Siku hiyo alilitazama likienda, akageuza kioo upande, ili maji yasiendelee kushuka kushoto.

Kushoto lilibaki doa. Alilisogelea mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Baada ya miaka thelathini alikuwa anasoma vioo hivyo kinyume bila taabu, kama vile wengine wanavyosoma barua. Weusi ulikuwa dirisha, limejikunja juu ya mbinuko wa kifuniko. Chini ya dirisha kulikuwa na miguu mitatu ya kamera, na mtu aliyejifunika kichwa kwa kitambaa cha kamera. Kando ya mtu huyo alisimama mwingine, mrefu, amevutika kidogo kwa sababu ya mviringo wa chuma, na tambara begani. Huyo hakujifunika. Sura yake ilikuwa ndogo kuliko punje ya dengu na ilikuwa kamili.

"Fundi," alisema Bi Masjala, "nipatie kitambaa kikavu. Na usiniguse."

Mpiga picha wa mjini, kijana mstaarabu asiyeuliza maswali mengi, aliifanyia kazi siku nzima ya Jumapili. Kioo alikikausha kwa kukisimamisha tu, bila feni wala moto, kisha akakuza kile kipande cha kifuniko mpaka sura ikafikia ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Jumatatu Bi Masjala hakwenda kazini, jambo ambalo masjala nzima ililizungumzia, na saa nne asubuhi alimwekea mama kiti mlangoni kwenye mwanga mzuri, akamwekea picha mapajani. Hakumwambia ni nini. Aliogopa. Mama akisema hamjui, basi hapakuwa na pengine pa kutafuta.

Mama aliinua picha, akaishusha, akaiinua tena.

"Huyu wa kitambaa kichwani nani?"

"Mpiga picha, mama. Anachungulia kamera."

"Mh." Kidole chake kikahama. Kikasimama. Birika lilikuwa limeanza kuimba jikoni na hakuna aliyeinuka.

"Kasimamia mguu mmoja," mama alisema hatimaye. "Nilimwambia kila siku, simama vizuri, utaumia nyonga."

"Na sura, mama? Imevutwa kidogo, ni kile chuma..."

"Nyamaza kwanza."

Alitazama muda mrefu. Machozi yalimtoka bila kelele, na hakuyafuta, na uso wake ulikuwa unacheka.

"Unaiona sura hiyo?" aliuliza. "Yule pale kashamaliza kusugua. Ndivyo alivyokuwa akisimama hapo jikoni, na birika mkononi. Anasubiri asifiwe, maskini. Hajui kama kaharibu."

Bi Masjala aliinama karibu na bega la mama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwona baba yake, na kweli alikuwa mtu anayesubiri: nyusi zimeinuka kidogo, mdomo umefungwa kwa kujizuia, anatazama kazi yake na hapohapo anatazama nani ameiona.

Mama alivuta picha karibu na uso, kama mtu anayemwambia mwenzake jambo la ndani.

"Imeng'aa, bwana," alisema. "Imeng'aa kweli."

Kisha alimpa binti yake picha aishike vizuri, isipate vidole, akaenda jikoni kuepua birika.